Chumba cha Zhou Enlai, Paris

Jana nimenyimwa chumba kwa mara ya nne. Mita 12 za mraba, ghorofa ya sita, lifti hakuna, choo cha kushea na majirani, yuro 720 kwa mwezi. Kwa hela hiyo Mbezi unapanga nyumba nzima, na chenji inabaki. Dada wa uwakala alipekua slipu zangu za mshahara, akasema kipato lazima kiwe mara tatu ya pango, na mdhamini awe na ajira hapa hapa Ufaransa. Mjomba wangu wa Mbeya hahesabiki. Miaka saba nalipa kodi ya serikali bila kuchelewa!

Nikatoka pale koo limenikaba, nikatembea tu hadi karibu na Place d'Italie. Mtaa wa Godefroy, namba 17, kuna kibao ukutani chenye sura ya mtu. Nikasogea kusoma. Zhou Enlai, yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa China, aliishi humo kati ya 1922 na 1924.

Ndugu zangu, nilisimama pale muda mrefu. Baba yangu alikuwa kibarua wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kambi ya Mlimba, walikotoboa milima kuelekea Makambako. Jina la Zhou Enlai nimelisikia nyumbani kabla sijajua kusoma. Benki ya Dunia ilipokataa kutujengea reli, Wachina ndio waliokubali. Zhou alikuja Dar es Salaam Juni 1965, mkataba ukatiwa saini 1967, kilomita 1,860 zikalazwa kwa mkopo usio na riba. Alifariki Januari 1976, reli ikakabidhiwa Julai mwaka huohuo. Hakuiona siku ile. Wachina zaidi ya 60 waliokuja kutusaidia wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam.

Kumbe mtu huyo naye alikuwa mgeni hapa! Alishuka Marseille mwishoni mwa 1920, kijana wa miaka 22, akaingia kwenye kikundi cha wakomunisti wa Kichina, na wakawa wanatoa jarida lao hapa Paris, Deng Xiaoping, aliyekuja kuiongoza China baadaye, akilichapa kwa mashine ya stensili. Mwaka 1949 akawa Waziri Mkuu wa China, na cheo hicho alikufa nacho. Simfanyi malaika: kwenye Mapinduzi ya Utamaduni, ule msako wa kisiasa ulioanzishwa na kiongozi wa China, Mao, mwaka 1966, alibaki upande wa Mao, na watu wengi waliumia yeye akiwa madarakani. Lakini kwetu Mlimba alitenda, na hilo sitalificha.

Wadogo zangu mnaotaka kuja, msipande ndege kabla ya kupata mtu wa kuwadhamini pango. Viza ni nusu ya safari. Cheti cha kuzaliwa kitafsiriwe mapema, na akiba iwe ya miezi mitatu, siyo mmoja kama mnavyodanganywa.

Nimempigia mzee simu, nikamtumia picha ya kibao. Amesema atawaonyesha wenzake wa reli waliobaki. Jumatatu nina miadi na wakala mwingine, Ivry, mji jirani na Paris, chumba cha yuro 650.