Herufi ya 21

"Hii pasipoti ya dada yako umeipata wapi?"

Niliulizwa hivyo mwanzoni mwa mwaka 2022, saa tisa usiku, kwenye lango la kupandia ndege katika uwanja ambao sitautaja. Nilikuwa narudi Ujerumani kutoka kwetu Kilifi. Macho mekundu, begi la mgongoni limejaa mabuyu na visheti ambavyo mamangu alikataa katakata niviache. Nilidhani nimesikia vibaya, nikamwomba arudie. Akarudia, safari hii polepole, kama mtu anayezungumza na mwizi mwenye matatizo ya masikio.

Ninaye dada, kweli. Mfupi, ana mwanya, na pasipoti hana hadi leo. Ile pasipoti ilikuwa yangu.

Sasa mwelewe na yule kijana wa langoni. Pasipoti ilitolewa 2016. Kwenye picha kuna msichana wa miaka 23, kasuka mistari, kavaa hereni, anatazama kamera kama aliyelazimishwa (na kweli alilazimishwa). Chini yake herufi F. Mbele yake kasimama mwanamume mwenye ndevu na sauti ya muuza samaki. Mimi ni mwanamume transjenda, yaani nilizaliwa nikaandikwa msichana. Testosteroni, homoni ya kiume, nilianza 2020, na mwili wangu haukufanya ajizi. Jina halikumsaidia, kwa sababu naitwa Bahati, na Bahati kwetu ni jina la mtu yeyote. Nililichagua makusudi. Nilipokwenda kwa wakili Mombasa kuandikisha hati ya kubadili jina, na tangazo likatoka kwenye Gazeti Rasmi la Kenya, niliwaza: nataka jina ambalo halitamshtua mtu kwenye dirisha lolote. Hesabu nzuri, ila nilisahau kuwa jina lisilo upande halina pia wa kulitetea.

Nikatoa kadi yangu ya ukaazi ya Ujerumani. Picha yake ilikuwa ya karibuni zaidi, ndevu zimeanza kuchungulia. Nilitarajia imalize mjadala, kumbe ndiyo ikauwasha. Picha mbili, nyuso mbili, jina moja. Akaniondoa kwenye foleni, akaniambia nikae kwenye kiti kilichokuwa peke yake ukutani. Watu mia mbili na zaidi wakapita mbele yangu wakinitazama.

Siku hizi nikisimulia kisa hiki wenzangu hungoja nifike kwenye tusi. Halikuwepo. Hakuna aliyeniita jina baya. Nadhani hata hawakufikiria kwamba kuna watu kama mimi. Walichokiona ni njia ya zamani kabisa ya kuingia Ulaya, yaani kutumia hati ya ndugu. Na walikuwa na sababu ya kuogopa. Ulaya ina sheria ya tangu 2001 inayoipiga faini kampuni ya ndege inayomleta abiria asiye na hati halali, na faini hiyo ni maelfu ya euro kwa kichwa kimoja. Kwa hiyo anayekuhukumu pale langoni si askari wala hakimu. Ni mfanyakazi aliyechoka, mwenye zamu ya usiku, anayejua kuwa akikosea upande mmoja ataulizwa na bosi, na akikosea upande wa pili utalala kwenye viti. Wewe ungechagua nini?

Nililala kwenye viti. Lakini kabla ya hapo aliletwa mzee mmoja mwenye miwani, mtaalamu wao wa kukagua hati. Alikuwa mtu wa kwanza usiku ule kunitazama mimi badala ya ndevu zangu. Akaishika pasipoti kando ya uso wangu, akakaa kimya, halafu akasema, "Tafadhali, vuta kofia nyuma. Nataka kuona masikio."

Masikio! Nikamwonyesha la kulia, kisha la kushoto. Akalinganisha na picha (mistari ilikuwa imesukwa kuelekea nyuma, masikio yote mawili nje, Mungu ambariki msusi yule). Baadaye alinieleza kwamba homoni hubadilisha taya, mashavu, hata jinsi ngozi inavyokaa, lakini mikunjo ya sikio haina habari. "Ni yeye," akawaambia. Ndege ilikuwa imeshaondoka. Iliyofuata ilikuwa baada ya saa kumi na moja. Nilikula mabuyu yote.

Ni katika zile saa kumi na moja ndipo nilipoanza kuisoma pasipoti yangu kama mtu anayesoma barua ya talaka. Fungua yako utazame. Chini ya ukurasa wenye picha kuna mistari miwili ya herufi na alama kama mishale, 44 kwa kila mstari. Hiyo ndiyo inayosomwa na mashine, na mpangilio wake umewekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika waraka wao namba 9303. Mstari wa pili unaanza na namba ya pasipoti, halafu uraia, halafu tarehe ya kuzaliwa. Baada yake, nafasi ya 21, inakuja jinsia. Herufi moja. Kisha tarehe ya mwisho wa matumizi.

Ndani ya mstari huo kuna tarakimu za uhakiki, zinazotokana na hesabu ya tarakimu nyingine, ili mtu akichezea namba mashine ijue. Namba ya pasipoti inahakikiwa. Tarehe ya kuzaliwa inahakikiwa. Tarehe ya mwisho inahakikiwa. Na mwisho wa mstari kuna tarakimu moja kubwa inayohakiki karibu kila kitu kwa pamoja: nafasi ya 1 hadi 10, ya 14 hadi 20, halafu inaruka, inaendelea 22 hadi 43. Inairuka ya 21. Ni kama vile waliotunga mfumo mzima hawakuiona jinsia kuwa kitu cha kuthibitishia mtu. Waraka huohuo unaruhusu X kwa jinsia isiyotajwa, na kwenye mistari ya mashine inakuwa alama tupu tu, <. Mashine inapita na safari yake. Binadamu ndiye anayekwama hapo.

Mtaniuliza kwa nini sibadilishi herufi. Kenya jina unabadilisha, jinsia kwenye pasipoti hakuna dirisha la kuibadilisha. Mahakama Kuu mwaka 2014 ililiamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, cheti kipya cha KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Uamuzi huo ndio uliotupa pumzi wengi wetu. Lakini cheti cha shule si pasipoti. Na tafadhali msituchanganye na ndugu zetu wenye jinsia mbili, wale 1,524 waliohesabiwa kwenye sensa ya 2019 na ambao Sheria ya Watoto ya 2022 imewataja. Wamepigania njia yao. Yetu ni nyingine.

Ujerumani nayo imefanya ilichoweza. Tangu tarehe 1 Novemba 2024 kuna sheria ya mtu kujiamulia jinsia yake; unatoa taarifa kwa msajili, unasubiri miezi mitatu, unarudi kutia sahihi. Hata mgeni mwenye ukaazi kama wangu anaruhusiwa. Nimefanya. Bima ya afya inaniita bwana, benki inaniita bwana, cheti changu cha uuguzi kinaniita bwana. Pasipoti ni ya Kenya, na Mjerumani hawezi kuigusa. Kwa hiyo nikikata tiketi mtandaoni, pale pa kuchagua cheo, mimi mwenye ndevu nachagua Bibi, maana taarifa zinazotumwa mpakani sharti zilingane na pasipoti. Halafu baruapepe inanifikia: "Mpendwa Bibi Bahati, safari njema." Nimeshazoea. Mwenzangu wa kazini alipoiona siku moja alicheka mpaka akamwaga kahawa.

Aliyeniokoa, bila kukusudia, ni serikali yetu. Zile pasipoti za zamani zisizo na chipu zilipewa mwisho wa 30 Novemba 2022, na mimi ilinibidi niende ubalozini Berlin kuchukua ya kielektroniki. Nilipanda treni kutoka Kassel alfajiri. Mama aliyekuwa dirishani akaitazama fomu, akanitazama, akaitazama tena fomu.

"Ni yangu, mama," nikamwambia. "Herufi ni ya zamani, mtu ndiye mpya."

Akakaa sekunde mbili. "Haya. Vidole hapa. Tazama kamera."

Basi. Nikatoka na pasipoti yenye F ileile, lakini juu yake picha ya mwanamume mwenye ndevu, masikio yote nje, na alama za vidole ndani ya chipu. Vidole havioti ndevu. Tangu hapo nimesafiri mara tatu na sijaondolewa kwenye foleni hata mara moja. Afisa anaangalia picha, anaangalia uso, anapiga muhuri. Herufi ya 21 haisomwi na mtu ambaye picha imeshamridhisha. Kwa hiyo, kama una homoni za mwaka mmoja na picha ya miaka sita, usingoje pasipoti iishe. Herufi huenda ukashindwa kuibadilisha; picha unaweza.

Ukaguzi wa mwili ni shughuli nyingine, na huko pasipoti haitazamwi sana. Marekani kwa miaka mingi mashine zao zilikuwa na kitufe cha samawati na cha waridi, na mkaguzi anabonyeza kwa kukukadiria tu. Akikukadiria mwanamume na mwili ukamwonyesha mashine kitu kingine, kiboksi cha manjano kinawaka pale pale usipotaka paguswe. Kuanzia 2023 walileta programu isiyohitaji kuchagua. Viwanja vyetu vingi bado ni mkono wa askari: wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mimi naenda wanaume. Wakati mmoja niliwahi kuwa mkweli kupita kiasi, nikasema pasipoti yangu ni ya kike, akaitwa askari wa kike, naye akakataa kabisa kunishika: "Huyu baba mzima mnanipa mimi?" Tukabaki wanne tumesimama. Siku hizi nasema tu, kabla sijaguswa, kwamba nimefanyiwa upasuaji kifuani na naomba chumba cha faragha. Ni kweli, na kila askari anaelewa neno upasuaji.

Dawa sibebi. Sindano yangu ya testosteroni ni ile ya Nebido, ya kila wiki 10 hadi 14, kwa hiyo naichoma wiki ya safari na narudi kabla haijaisha. Kitako kinauma ndani ya ndege lakini hakuna chupa ya kueleza. Nabeba pia kitambulisho cha nyongeza kinachotolewa na dgti, chama cha Kijerumani cha watu transjenda na wenye jinsia mbili. Kina picha yangu na jinsia yangu, na kinatumika pamoja na hati rasmi. Polisi wa Ujerumani wanakifahamu. Ukivuka mpaka ni karatasi nzuri ya kuwekea alama kwenye kitabu.

Na Ghuba sipitii. Tiketi ya kupitia huko mara nyingi ni rahisi, na nina binamu Muscat anayenilaumu kila mwaka. Sheria ya jinai ya Oman ya 2018 inamtaja mwanamume anayeonekana kavaa nguo za kike. Mwanamke wa kwenye karatasi mwenye ndevu haijamtaja, lakini sitaki niwe kesi ya kwanza. Rafiki yangu mmoja, mwanamke transjenda aliyezaliwa Nakuru, yeye hata kuwaza hapo hawazi. Ni raia wa Marekani sasa, pasipoti yake ina F aliyoipata kihalali. Lakini amri ya rais ya tarehe 20 Januari 2025 inataka pasipoti mpya zifuate jinsia ya kuzaliwa, na Novemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu iliruhusu iendelee kutekelezwa wakati kesi ikiendelea. Iliyopo mkononi inafaa mpaka iishe. Anaihesabu miaka iliyobaki kama mtu anayehesabu unga kwenye debe. Miaka yote nilimwonea wivu. Sasa tunapigiana simu kama wagonjwa wa wodi moja.

Mwaka jana mamangu aliugua nikaenda tena. Mpwa wangu wa miaka saba, ambaye dada alimfundisha kuniita mjomba bila maelezo yoyote (zamani ningekuwa mama mdogo), alichimbua begi langu akitafuta chokoleti, akaibuka na pasipoti. Amejua kusoma juzi tu, kwa hiyo husoma kila kitu kwa sauti, hata pakiti za sabuni.

"Mjomba, hapa wameandika F. F ni ya nini?"

Nikaangalia mlangoni. Mama alikuwa amelala. Kabla sijapata jibu dada akadakia kutoka jikoni, bila kuacha kukuna nazi: "Ya foleni. Mjombako hupenda sana foleni."

Mtoto akaridhika, akaendelea kutafuta chokoleti.

Natarajia kusafiri tena Desemba. Kinyozi wangu hapa Kassel ni Msiria, na kila mara kabla ya safari namwomba anipunguze vizuri pembeni, masikio yabaki wazi kabisa. Wiki iliyopita aliniuliza kama ni mtindo wa Kenya. Nikamwambia ndiyo, huko kwetu ndio wa sasa. Akaniambia haunipendezi.