Udongo wangu ulikuwa haunywi maji

Aprili 2024 nilisimama mlangoni pa jikoni nikaliona shamba langu likiondoka. Maji yaliyokuwa yakishuka katikati ya mistari ya mahindi yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na rangi hiyo ilikuwa udongo wangu, pamoja na DAP, mbolea ya kupandia, niliyoinunua kwa mkopo wa chama. Tuko upande wa juu wa Njoro. Shamba linateremka taratibu hadi mtoni, na Mto Njoro humwaga maji yake Ziwa Nakuru, kwa hiyo tope langu lina safari ndefu na halirudi.

Mwezi huo huo, usiku wa kuamkia tarehe 29, maji yaliua watu Mai Mahiu, kaunti yetu hii hii. Sikuwa na uso wa kulilia mahindi. Lakini mvua ilipopungua, mahindi yangu ya bondeni yalikuwa manjano, na ya jirani, ng'ambo ya ua wa kayaba, yalikuwa kijani kibichi. Mvua ni ile ile, mteremko ni ule ule. Hilo lilininyima usingizi.

Mama mkwe wangu alikilima kipande hiki kwa jembe miaka mingi kabla hatujaanza kukodi trakta. Nilipomlalamikia mvua aliniambia, "Mwanangu, chimba kwanza."

Nikachimba. Jembe liliingia vizuri kama shibiri moja, kisha likagonga kitu kigumu kama sakafu ya nyumba ya udongo. Niling'oa shina moja taratibu nikalitazama: mizizi ilikuwa imeshuka wima, ikafika kwenye ile sakafu, ikakunja kona na kutambaa kando. Juu ya sakafu udongo ulikuwa chapachapa, una mabaka ya kijivu na harufu ya yai viza. Chini yake ulikuwa mkavu. Baada ya mvua yote ile, mkavu!

Sakafu hiyo niliitengeneza mwenyewe kwa pesa zangu. Diski ya trakta hupita kina kile kile mwaka baada ya mwaka, na Machi hiyo zamu yetu ilifika mvua ya kwanza ikiwa imeshanyesha. Niliona matairi yakiacha alama zinazong'aa kwenye udongo uliolowa. Nililipa na nikashukuru. Mizizi inataka hewa kama sisi. Maji yakituama inakosa pumzi, na naitrojeni iliyomo, chakula kinachoyapa majani ukijani, nyingine inageuka gesi na kupotea, nyingine inazama mizizi isikofika. CAN, mbolea ya kukuzia, niliyoiongeza ili kuondoa umanjano ilikwenda njia hiyo hiyo.

Sasa fanya jaribio hili nyumbani kwako, halikugharimu shilingi. Chukua bonge la udongo shambani, kubwa kama yai, na jingine chini ya ua ambako jembe halifiki. Yaache yakauke kabisa kivulini, kisha uyatumbukize taratibu kwenye glasi mbili za maji. Langu la shambani lilianza kutoa mapovu, likapasuka, na kabla chai yangu haijapoa lilikuwa uji chini ya glasi. La chini ya kayaba lilikaa zima hadi jioni. Vinavyolishikilia ni mizizi midogo, nyuzi za kuvu, na utomvu wa viumbe wadogo wanaokula majani yaliyooza. Mimi nilikuwa nimewanyima chakula: mabua yote kwa ng'ombe, majani yote motoni.

Basi nikabadilika, ingawa si kwa mara moja. Kwanza, udongo ukiwa mbichi siingii na chochote chenye uzito. Naokota udongo wa kina cha kiganja na kuuviringisha mkononi. Ukikaa kama kijiti bila kukatika, narudi nyumbani, hata kama majirani wote wameshapanda. Ile sakafu tuliivunja kwa jembe uma wakati wa kiangazi, kwenye mistari ya kupandia peke yake, mimi na wanangu wawili, kazi ya wiki tatu. Sehemu iliyobaki hatuilimi tena. Tunapalilia juu juu.

Mabua ndiyo yaliyoleta mzozo. Ng'ombe atakula nini? Mume wangu aliuliza, na alikuwa na haki. Tulikubaliana nusu kwa nusu, na tukachimba fanya juu mbili, yaani mitaro ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu, kukingama mteremko, kingo zake tukazipanda majani ya nepia. Nepia hiyo sasa ndiyo inayomlisha ng'ombe miezi mingi ya mwaka, na mabua yanalala shambani yakipokea matone ya mvua badala ya udongo wenyewe kupigwa. Mahindi yakitoa mbelewele naingiza njahi, jamii ya maharagwe, katikati, ili tukishavuna ardhi isibaki uchi. CAN naigawa mara mbili, mahindi yakifika magotini na tena kabla ya mbelewele, mvua ikiwa imetulia.

Bondeni kabisa bado pananisumbua. Hapo maji ya shamba la juu yanakutana na yangu, na nadhani itabidi niache mahindi nipande nduma. Lakini sehemu ya kati naijua tofauti yake kwa miguu. Nilikata kopo la kilo mbili pande zote, nikaligongelea ardhini na kumimina lita moja ya maji. Mwaka ule wa hasara nilisubiri hadi nikaenda kukamua, nikarudi nikayakuta maji bado yamo. Mwezi jana yaliisha nikiwa bado nimeinama, na nilipolitoa kopo nyungunyungu wawili walikuwa wanajivuta kurudi shimoni.

Mvua imekatika siku tatu sasa. Kesho asubuhi nitauviringisha udongo mkononi, na ukikatika, njahi zinaingia.