Feni ya Milimita 40

Juzi mpwa wangu aliniletea madabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya X570, akaweka kidole pale kati. "Mjomba, hii feni ndogo ni ya nini tena?" Nikaguna. Nilidhani tulishazizika hizo, kumbe PCI Express 4.0, njia ya kasi ya kuunganisha kadi na bodi, ilizirudisha mwaka 2019. Nilimjibu kwa ufupi tu, lakini usiku ule kichwa changu kilirudi Kisumu, kwenye ile saiba ya barabara ya Oginga Odinga.

Mashine ya saiba niliyoitengeneza ilikuwa na prosesa ya Athlon 64 juu ya chipseti ya nForce4, ile chipu inayounganisha prosesa na vifaa vingine. Kidhibiti cha memori kilikuwa ndani ya prosesa, kwa hiyo bodi ilikuwa na chipseti moja tu, na bodi nyingi ziliiweka chini, palepale kadi ya picha inapopita. Kipoozaji kirefu hakiingii hapo. Ndiyo sababu ya feni ya milimita 40, ambayo bushi yake ikikaukiwa mafuta hulia kama panya aliyenaswa. Na Kisumu kuna wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku. Wakifia kwenye feni hushikana na vumbi, mapanga yanakuwa mazito, bushi inaliwa upande mmoja. Kutia tone la mafuta ya cherehani ni kuahirisha msiba.

Nilikuwa na kipoozaji cha alumini ya bluu, kisicho na feni, chenye vijiti vya kutoa joto badala ya mapezi. Kasoro zake mbili: kimo cha milimita 47, na mikono iliyokomea milimita 55 ilhali matundu ya bodi, katikati hadi katikati, yalikuwa 59.

Kimo kwanza. Nilichukua donge la unga wa chapati, nikalifunga kwa nailoni lisiloweshe kitu, nikaliweka juu ya chipseti, kisha nikasukuma kadi ya picha mahali pake. Alama iliyobaki kwenye unga ilinionyesha vijiti vipi vikatwe na vibaki na kimo gani. Fundi wa jua kali kule Kibuye alikishika kwenye jiliwa, akakigeuzageuza. "Omera, hii ni ya pikipiki?" Nikamwambia ni ya kompyuta. Hakuamini, lakini msumeno wake ulikata vizuri. Mikono mipya tuliitoa kwenye kipande cha fremu ya dirisha, alumini ya milimita 2, na matundu nikayafanya marefu kwa tupa ndogo ili yaweze kusogezwa. Chenga zote zilioshwa hukohuko. Chenga moja ya alumini ikianguka katikati ya miguu ya chipu, umekwisha. Tena rangi ya bluu haipitishi umeme, ila pale ulipokata panapitisha, kwa hiyo nilipafunika kwa utepe upande wa kapasita.

Tako la kipoozaji nililisugua juu ya kioo kwa msasa namba 400, halafu 800, kwa maji, hadi rula ikalala bila kuonyesha mwanga.

Kipoozaji cha zamani haking'olewi kwa kuvuta. Niliiacha mashine iwake kidogo ule utando wa kiwandani wa kupitisha joto ulainike, nikazima, nikatoa bodi, nikakizungusha taratibu mpaka kikaachia.

Halafu ikaja sehemu ninayoiona hadi leo. Chipu hiyo iko uchi: kipande cha silikoni kinachong'aa katikati, hakina bamba la kukikinga. Ukikaza upande mmoja kabla ya mwingine, kona inamegeka, na hakuna gundi ya kuirudisha. Nilibandika vipande vinne vya sponji pembeni, nikaweka tone la pesti ya kupitisha joto la ukubwa wa punje ya dengu. Bolti zilikuwa M2.5 zilizopita bila kulazimishwa. Tundu la bodi halipanuliwi kwa keekee kwa sababu nyaya za shaba zimepita ndani ya tabaka zake. Vichwa vya bolti vilikaa chini na washa za nailoni, na juu zikaja springi za pini za kipoozaji cha zamani, kisha nati. Nusu mzunguko kulia, nusu mzunguko kushoto. Springi zilipofika nusu ya urefu wake nikaacha, ingawa mkono ulitaka kuongeza.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. BIOS, programu inayoamsha mashine, ililalamika kwamba feni haizunguki, nikaiambia isiijali. Feni ya kasha ya milimita 80 niliiunga waya wa njano na mwekundu, 12 kutoa 5, ikapata volti 7, ikawa inapuliza polepole kuelekea vijiti. Joto lilitulia kwenye nyuzi 51.

Kesho yake mwenye saiba akapiga simu. "Fundi, mashine imekufa."

"Kioo kinaonyesha nini, mzee?"

"Windows. Lakini haisikiki."

Alinilipa nusu, akidai kwamba sikumwongezea kitu, nimemwondolea feni. Hoja hiyo sijaipatia jibu.