Kumbukumbu ya mradi wangu: kiungo bandia cha shina la kidole gumba

Machi

Kwanza niseme wazi: hiki ninachotengeneza hakiingii mwilini mwa mtu. Ni mfano wa mezani, wa plastiki na shaba, wa kujifunzia. Tangu habari zienee kwa ndugu na majirani naletewa eksirei za mikono ya watu, na mimi ni fundi mitambo tu. Mwenye maumivu aende kwa daktari wa mifupa.

Mifupa imetoka kwenye printa. Nilichukua faili za mkono wa mtu mzima zilizowekwa wazi mtandaoni, nikabakiza mifupa miwili tu. Wa kwanza ni metakapali ya gumba, ule mrefu uliojificha ndani ya kiganja. Wa pili ni trapeziamu, kijifupa cha kwenye kifundo cha mkono kinachobeba gumba zima. Yangu ina upana wa kama sentimita mbili. Hapo ndipo penye mgogoro wote wa mradi huu, na nitaurudia mara nyingi: kichwa (tufe la juu) cha nyonga bandia alichokitumia daktari wa upasuaji John Charnley kule Uingereza miaka ya 1960 kilikuwa na kipenyo cha milimita 22 hivi. Kichwa kile peke yake ni kikubwa kuliko mfupa wote ninaotakiwa kuutoboa na kupachika ndani yake kikombe, yaani tundu la kupokea kichwa cha kiungo.

Kiungo chenyewe kina umbo la ajabu. Uso wa trapeziamu umebonyea upande mmoja na kuinuka upande mwingine, na metakapali imeupanda kama mtu aliyepanda punda juu ya tandiko. Ndiyo maana gumba linakwenda mbele, nyuma, kushoto, kulia, tena linajizungusha kidogo hadi likutane na kidole cha mwisho. Gharama yake ni kwamba mifupa haikufungana sawasawa. Kinachoizuia kuachana ni kano. Gegedu likilika na kano zikilegea, msuli unaovuta gumba nje unaitoa metakapali mahali pake, na kwenye shina la gumba panajitokeza nundu. Wanawake waliokoma hedhi ndio wanaopatwa zaidi. Shangazi yangu, mshonaji, anazo dalili zote: kufungua kifuniko cha chupa ni kazi, ufunguo haugeuki, na nazi siku hizi anakuniwa na wajukuu.

Aprili

Mwezi huu nimesoma kuliko nilivyotengeneza.

Njia ya zamani na ambayo bado inatumika sana ni kuutoa mfupa wa trapeziamu wote. Daktari Gervis aliielezea Uingereza mwaka 1949. Maumivu hupungua, na katika tafiti zilizolinganisha upasuaji wa namna mbalimbali, njia hii rahisi haijaonekana kuwa nyuma ya zile zenye mbwembwe. Kasoro yake ni kwamba gumba hufupika kidogo na nguvu ya kubana hurudi polepole, kwa miezi. Kwa hiyo anayebuni kiungo bandia ajue anashindana na upasuaji usio na chuma chochote cha kulegea wala kuvunjika. Mashindano hayo si mepesi.

Daktari Alfred Swanson wa Grand Rapids, Marekani, alijaza nafasi ya mfupa uliotolewa kwa kipande cha silikoni. Wazo zuri, lakini silikoni ilisagika kwa msuguano, na vumbi lake likawasha ndani ya kiungo hadi kula mifupa ya jirani. Kisha Mfaransa Jean-Yves de la Caffinière akaleta miaka ya 1970 kitu kilichofanana na nyonga bandia iliyopunguzwa: shina la chuma ndani ya metakapali, kichwa cha mviringo, na kikombe cha polithilini (plastiki ngumu) kilichogandishwa kwa saruji ya mifupa ndani ya trapeziamu. Viungo vingi vilivyofuata Ulaya vina damu ya kile.

Kitu kilichokuwa kikilegea zaidi ni kikombe. Shina lina mfupa mrefu wa kujishikia, kikombe hakina.

Mei

Meza ya majaribio imekamilika. Trapeziamu imebanwa kwenye jiliwa, metakapali iko huru, mishipi ya kuvulia ndiyo misuli na vipande vya tyubu ya baiskeli ndivyo kano. Mwisho wa kila mshipi ninaning'iniza chupa za maji, kwa sababu lita moja ni kilo moja na maji hayana mjadala.

Nilianza na umbo la tandiko, nikiiga maumbile. Tyubu zikiwa mpya zimekaza, linatembea vizuri sana. Nikiweka zilizochoka, likivutwa kidogo tu linateleza nje. Na mgonjwa anayefikia upasuaji ndiye hasa mwenye kano zilizochoka! Umbo la asili linadai kano za asili. Kichwa cha mviringo ndani ya kikombe kinajishikilia chenyewe, kwa hiyo tandiko nimeliweka kabatini.

Halafu hesabu ya nguvu. Mwaka 1977 watafiti Cooney na Chao walikokotoa kwamba ukibana kitu kwa kilo 1 kwenye ncha ya gumba, kiungo cha shina lake kinapokea kama kilo 12. Ukikamata kwa nguvu, mzigo unaweza kufika kilo 120. Si miujiza, ni wenzo: misuli inavuta karibu na kiungo wakati mzigo uko mbali kwenye ncha. Nilimwonyesha mzee anayenikerezea vipuri pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Akakigeuzageuza kile kijifupa, akauliza, "Kijana, kilo mia na ishirini zikae hapa?" Nikamwambia ndiyo, mzee wangu. Akacheka, akarudi kwenye mashine yake.

Juni

Shingo, yaani kipande kati ya shina na kichwa, imenipa raha kuliko kitu kingine. Mzee alinikerezea kadhaa za shaba zenye urefu tofauti. Fupi ikilegeza kano, kichwa kinachomoka. Ndefu ikikaza kila kitu, gumba halisogei vizuri na trapeziamu inagandamizwa hata mkono ukiwa umepumzika. Tofauti kati ya "inachomoka" na "imekaza mno" ni milimita chache. Sasa naelewa kwa nini viungo vya sasa huja na shingo za urefu mbalimbali na nyingine zilizopinda, daktari akajaribu na kuchagua mgonjwa akiwa mezani.

Kuchomoka kwenyewe kuna dawa iliyotoka kwenye nyonga. Gilles Bousquet wa Saint-Étienne, Ufaransa, alibuni miaka ya 1970 kichwa kilichofungwa ndani ya mpira mkubwa zaidi wa polithilini, na mpira huo nao unazunguka ndani ya kikombe cha chuma. Miendo miwili kwa pamoja. Kwa kuwa mpira wa nje ni mkubwa, lazima upande umbali mrefu zaidi kabla ya kuruka ukingo wa kikombe. Wabunifu wa viungo vya gumba waliichukua mbinu hiyo, na nimeiiga kwa mpira wa nailoni. Nilichovuta hadi kikachomoka mwezi uliopita, leo kinanung'unika tu na kurudi. Lakini nafasi inabanwa: vikombe vya gumba vina kipenyo cha kama milimita 9 au 10, ndani yake ukae ukuta wa chuma, polithilini, na kichwa. Kila unene unaouongeza mahali, unaupunguza pengine.

Julai

Kikombe sasa. Nimechapisha trapeziamu nyingi zenye ganda gumu na ndani yenye matundu, kukaribia mfupa halisi. Kikombe cha nusu duara kinaingia kirahisi, hata ukikiinamisha kidogo kinakaa. Cha umbo la koni kinabana zaidi kikigongwa moja kwa moja, ila kinadai tundu lililolenga sawasawa. Tundu likienda pembeni, ukuta wa mfupa unapasuka. Madaktari hukilaza kikombe sambamba na uso wa chini wa trapeziamu, ule unaoelekea kifundo, na hukihakiki kwa eksirei papo hapo. Nilijaribu kukiinamisha makusudi: shingo ikaanza kugonga ukingo gumba linapofunguka, na kila pigo likawa linakichokonoa kikombe. Kulegea kunaanzia hapo, hata bila mzigo mkubwa.

Viungo vya kweli havitegemei kubanwa tu. Uso wa nje wa kikombe una vinyweleo na hupakwa haidroksiapataiti, madini ya jamii ya yaliyomo kwenye mfupa, ili mfupa uote ndani yake. Saruji imeachwa na wengi. Plastiki yangu haioti, kwa hiyo majaribio yangu yanaeleza habari za wiki za mwanzo tu, kabla mfupa haujashika. Kwangu hilo latosha, maana kikombe kinachocheza wiki hizo mfupa hauoti humo vizuri.

Shangazi alipita karakana akaangalia gumba la plastiki likigusa kidole cha mwisho. "Hili langu lini?" Nikamwambia shangazi, lako ni la hospitali, hili la mezani. Amepewa kishikizo cha kutuliza gumba cha kuvaa usiku na anasema kinamsaidia kiasi.

Hatua inayofuata: kigezo cha kutobolea, cha kuchapishwa, kitakachokumbatia trapeziamu na kuelekeza keekee katikati yake. Nikikipata, nitarudia koni na nusu duara kwa mzigo wa pembeni, shingo zile zile za Juni, na mpira wa nailoni mwembamba zaidi kama mzee ataweza kuukereza bila kuupasua.