Siku Moja Nikifunga 1HZ Kwenye FJ40 ya Mwaka 1973

Saa 12:30 asubuhi

Leo nimewahi kwa sababu ya vipimo. Gereji ikishachangamka, huyu anagonga nyundo, yule anaitisha spana namba 14, na kipima pembe hakisomeki ukakiamini. Nataka nusu saa ya ukimya chini ya gari.

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser FJ40 ya mwaka 1973, ile fupi. Lilizaliwa na injini F ya petroli, silinda 6, ujazo wa sisi 3,878, na giaboksi ya gia 3. Breki ni dramu (ngoma zenye viatu ndani) magurudumu yote manne, halina busta ya kusaidia mguu kwenye pedali, na usukani ni wa kusukuma kwa mabega. Mwenye gari hataki libadilike sura hata kidogo. Anachotaka ni kwenda nalo safari ndefu bila kubeba hesabu ya petroli kichwani, na likiambiwa simama, lisimame.

Mwanzoni alikuja na wazo la injini mpya kabisa ya komoni reli, yaani dizeli inayopimiwa mafuta na kompyuta. Injini hizo ni nzuri na zina nguvu, sibishi. Lakini haziji peke yake: zinakuja na kompyuta, sensa, pedali ya mafuta ya umeme na kufuli la funguo, na kimoja kikigoma vyote vinagoma. Nikamwambia, "Mzee, ukizimikiwa porini, nani atakusomea kompyuta?" Tukakubaliana 1HZ: dizeli ya silinda 6, sisi 4,164, isiyo na tabo ya kuisukumia hewa, ambayo Toyota walianza kuifunga kwenye Land Cruiser za familia ya 70 mwaka 1990. Pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika. Ikishawaka, waya pekee inaoutegemea ili iendelee kunguruma ni ule wa sulenoidi, vali ya umeme ya kukata mafuta. Nyuma yake tumefunga giaboksi ya H55F ya gia 5. Vyote ni ukoo mmoja na gari, na hilo linapunguza ugomvi.

Injini tayari inaning'inia mahali pake. Mikono ya mauntingi, vishikio vinavyobeba injini kwenye chesisi, nimeishika kwa madoa ya weldingi tu, ili ikibidi kusogeza, nisogeze.

Ukiniuliza kazi hii iko wapi hasa, nitakwambia iko hapa, kwenye kuamua injini ikae wapi. Wengi huitazama kutoka juu: feni imeachana na rejeta, boneti inafunga, basi. Mimi naanzia chini. Ekseli ya mbele hupanda gari linapodunda, na difu yake (lile boksi la gia la ekseli) hupanda nayo, ikiifuata sampu ya oili, bakuli la chini ya injini. Kwa hiyo napandisha ekseli kwa jeki mpaka iguse mpira wa kizuizi, ndipo napima nafasi iliyobaki. Nataka sentimita 2 au 3, kwa sababu injini yenyewe hujipinda kwenye mauntingi ukikanyaga mafuta.

Kisha pembe. Nashusha gari likae kwenye matairi yake, na uzito wake wote, maana ekseli ikining'inia pembe inadanganya. Krosi, kiungo cha propela shafti inayopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi ekseli, ina tabia moja ambayo fundi asiyeijua atahangaika na mtetemo mpaka achoke: ikikunjwa, upande unaopokea mzunguko hauendi kwa kasi moja. Katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na kuzembea mara mbili. Krosi ya upande wa pili ndiyo inayofuta kasoro hiyo, mradi mwelekeo wa giaboksi na mwelekeo wa pinioni, gia inayoingiza mzunguko kwenye difu, viwe sambamba, na yoki za shafti, zile panda zinazoshika krosi, zilale mstari mmoja. Kunyoosha kabisa nako si dawa. Beringi za sindano ndani ya krosi zinataka kutembea kidogo, zikikaa palepale huchimba vishimo.

Nilichosoma: injini na giaboksi zimelala nyuzi 3 kuelekea nyuma, pinioni imeinuka nyuzi 1 na nusu. Hapo panatakiwa kabari kati ya springi na ekseli. Naandika kwa chaki kwenye bodi, ili mtu asiseme hakuambiwa.

Saa 2:00 asubuhi

Vijana wamefika. Namtuma mmoja ahakikishe uwiano wa difu, ingawa kila mtu ana uhakika kwamba ni 4.11. Gari la zaidi ya miaka 50 limepita mikono mingi, na difu hubadilishwa bila kuandikwa popote. Njia ni rahisi: inua magurudumu yote mawili ya nyuma, chora alama kwenye tairi na kwenye shafti, zungusha shafti mpaka magurudumu yamalize mzunguko mmoja, uhesabu. Anaita kutoka chini: "Fundi, minne na kipande kidogo." Ndiyo 4.11, meno 37 kwa 9. Difu ya mbele nayo lazima isome hivyohivyo, la sivyo ukiingiza foo-wili kwenye ardhi kavu, transfa, boksi linalogawa nguvu kwa ekseli mbili, italia.

Hesabu hii ndiyo iliyotufanya tuchague H55F. Kwa matairi haya, ambayo mzunguko mmoja unakula kama mita 2.4, mwendo wa kilomita 100 kwa saa kwenye gia iliyo moja kwa moja, 1 kwa 1, unataka injini izunguke karibu mara 2,850 kwa dakika. Gia ya 5 ya H55F, yenye uwiano wa kama 0.85, inaishusha mpaka karibu 2,400. Dizeli ya aina hii hapo ndipo inapumua vizuri. Ukiifunga kwenye giaboksi ya zamani ya gia 3, utakuwa umebadilisha injini ukabaki na kelele zilezile.

Saa 3:00

Propela shafti zote mbili zinakwenda kwa fundi wa leze, mashine ya kukereza vyuma. H55F ni ndefu kuliko ile ya gia 3, hivyo transfa imerudi nyuma: shafti ya mbele inaongezwa, ya nyuma inakatwa. Nimempa urefu uliopimwa gari likiwa limesimama kwenye matairi, huku sehemu inayoteleza ikiwa katikati ya mwendo wake, ili springi ikinyooka isichomoke na ikikunjika isigonge. Na zisirudi bila kufanyiwa balansi.

Saa 4:00

Kuchomelea mauntingi. Injini inabaki kwenye cheni bloki, mikono inafunguliwa na kuchomelewa mezani, pembeni kabisa na waya na mafuta. Hapa nina msimamo ambao baadhi ya mafundi wenzangu hawaupendi: sichomelei kitu kwenye chesisi ya gari la zamani kama boliti inatosha. Mikono yangu inakaa kwenye vibao vinavyofungwa kwa boliti, na ndani ya chesisi napitisha vipande vya bomba ili boliti ikikazwa isiminye kuta za chesisi zikaingia ndani. Siku mtu akitaka kuirudisha F yake, ataifunga kwenye mashimo yaleyale ya kiwandani. Injini ya zamani tumeiziba matundu yote, tumemwagia oili kwenye silinda na kuiweka kwenye fremu. Mwenye gari amekatazwa kuiuza.

(Jambo la karatasi nalo: injini ikibadilika, namba yake na aina ya mafuta hubadilika, na bima na usajili lazima vijue. Mwenye gari alishughulikie hilo mapema.)

Saa 6:00 mchana

Mapumziko. Nusu ya mapumziko imeisha kwa ubishi kuhusu taimingi belti, mkanda unaooanisha vali na mzunguko wa injini. 1HZ ni injini ngumu, na ugumu huo huwasahaulisha watu kwamba ina belti. Ukinunua injini iliyotumika hujui belti ina umri gani, na kuibadilisha ikiwa nje ya gari ni raha tupu. Tumeweka mpya, na rola yake mpya, na pampu ya maji.

Saa 7:00 mchana

Breki, na hapa sikubali kuharakishwa. Kuongeza nguvu ya gari lenye dramu nne bila busta ni kumpa mtu panga lisilo na mpini. Ndiyo maana nimekataza injini isipigwe stata mpaka pedali ya breki iwe ngumu.

Mbele tumeweka nako (zinazobeba magurudumu), habu, diski na kalipa (zinazobana diski) za Land Cruiser ya baadaye. Kimwili vinaingia. Balaa linajificha kwenye masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali ya breki. Masta ya mfumo wa dramu ina vali ndogo inayobakiza presha kidogo kwenye bomba baada ya kuachia pedali, ili viatu vya breki visirudi mbali na ngoma. Kwa diski, presha hiyo ni adui: padi hazipumziki, diski inachemka, na mtu anaanza kulaumu beringi. Tena pistoni za kalipa zinameza mafuta mengi kuliko silinda ndogo za dramu, kwa hiyo masta ya zamani inaishiwa kabla pedali haijashika. Tumefunga masta kubwa ya mfumo wa diski mbele na dramu nyuma, pamoja na busta na vali ya kugawa presha, maana uzito ukihamia mbele wakati wa kufunga breki, dramu za nyuma zisipozuiwa zitafunga mapema na mkia utaanza kucheza.

Busta inataka vakyumu, yaani mvuto wa hewa. Injini ya petroli huipata bure kwenye manifoldi kwa sababu ina kilango kinachobana hewa. Dizeli haina kilango hicho, inavuta hewa wazi. Pampu ya vakyumu inayozungushwa na 1HZ yenyewe ndiyo tegemeo, na mpira wake lazima uwe wa vakyumu, wenye vali ya kuzuia kurudi. Mpira wa maji unajibana wenyewe ukipata joto.

Breki ya mkono nayo. Kwenye FJ40 za miaka hiyo inakaa nyuma ya transfa, inashika propela shafti, haishiki magurudumu. Ukibadilisha transfa bila kufikiri, breki ya mkono imeondoka nayo.

Tunatoa upepo, tukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Kijana anakanyaga, "Kaza! Achia!", mpaka mafuta yanatoka bila povu. Pedali inasimama juu. Nairudia peke yangu baada ya dakika 10. Bado iko juu.

Saa 9:00 alasiri

Waya ni chache, sitakaa hapa sana. 1HZ zipo za volti 12 na za volti 24, na gari hili ni la 12. Stata, alteneta, hita (plagi za kupasha silinda joto kabla ya kuwasha) na sulenoidi vyote tumehakikisha ni vya 12. Hita zina rilei yake na waya mnene. Geji ya joto ya zamani tumeiachia sensa yake ya zamani kwa kuchonga adapta, kwa sababu sensa ya 1HZ ingeifanya ionyeshe uongo.

Tanki, ambalo kwenye gari hili liko chini ya kiti cha abiria, limeoshwa na kuongezewa bomba la kurudisha mafuta. Petroli haikuhitaji bomba hilo, dizeli inalihitaji. Chujio lina kikombe cha kutenga maji.

Saa 10:15

Shafti zimerudi, zimefungwa, kabari zimeingia. Napima tena pembe: 3 na 3.

Sasa kuwasha. Kwanza waya wa sulenoidi nauchomoa, tunapiga stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili inyanyuke. Sitaki iwake ikiwa kavu. Kisha tunapampu kwa mkono kwenye chujio mpaka hewa iishe. Kijana mmoja nimemsimamisha kwenye mdomo wa hewa na kibao cha mbao. Dizeli ikipagawa, ikaongeza mwendo bila kuzuilika, haizimwi kwa ufunguo, inazimwa kwa kunyimwa hewa, na pampu ambayo hujawahi kuisikia ikifanya kazi si ya kuaminiwa.

Hita, kuhesabu kidogo, stata. Inakohoa, moshi mweupe, silinda mbili hazijaungana na wenzao, kisha zote sita. Kibao hakikuhitajika. Usukani wa pawa tulioufunga badala ya ule wa zamani tuliuzungusha kushoto na kulia magurudumu yakiwa juu kabla ya kuwasha, ili hewa itoke bila kuchanganywa kuwa povu; sasa unageuka kwa vidole.

Saa 11:30 jioni

Mwenye gari amefika tunapozunguka uwanjani kwa gia ya 1. Nafunga breki polepole, halafu kwa nguvu, mara nyingi, kisha nashuka na kushika habu moja moja. Zote vuguvugu sawa. Spidi mita inasoma pungufu. Kigia chake kinabadilishwa kesho. Boliti zote za mauntingi, propela shafti na nako zina mstari wa rangi, na kesho zitakaguliwa na kukazwa tena kabla gari halijaingia barabarani.

Anasikiliza injini, anatabasamu, kisha lile swali: "Fundi, na tabo je?"

Namwambia inawezekana, watu wanafunga. Lakini mgandamizo wa 1HZ ni zaidi ya 22 kwa 1, na mafuta huanza kuungua kwenye vyumba vidogo ndani ya kichwa cha silinda. Ukiisukumia hewa na mafuta zaidi, joto linaishia kwenye kichwa hicho, na hapo ndipo hupasuka. Atahitaji geji ya joto la eksozi, pampu ipimwe upya, klachi nzito, na rejeta nyingine. Aendeshe kwanza kama ilivyo mpaka muda wa kumwaga oili ya kwanza. Akirudi bado anaitaka, tutaanza na geji.