Mlinganyo wa mstari nilioupatia Mwaloni

Hesabu nilipata F, na sikushangaa. Mwaka wa kurudia mtihani nilikuwa namsaidia mama mkubwa biashara ya dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Daftari linalala juu ya gunia, linanuka kama sisi wote.

Siku moja akaniuliza, "Hebu wewe msomi, huyu wa guta ananichajije? Juzi gunia 4 kachukua 14,000. Leo gunia 7, 20,000." Guta ni ile ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo.

Gunia zimeongezeka 3, hela imeongezeka 6,000. Basi kila gunia ni 2,000. Lakini gunia 4 ni 8,000 tu, ile 6,000 nyingine ya nini?

"Aa, hiyo ya kulitoa guta," akacheka. "Hata umpe gunia moja, utailipa."

Nikabaki nimeduwaa. Ile y = mx + c ya shuleni! x ni idadi ya gunia, y ni hela ya kulipa. Mteremko, ile m, ndiyo 2,000, hela inayoongezeka kwa kila gunia. Na c ni ile 6,000 inayokusubiri kabla gunia la kwanza halijapakiwa. y = 2000x + 6000! Miaka minne nimeikariri kama kiitikio, sijui inasema nini.

Jioni nikachukua swali: mstari unaopita (−2, 7) na (4, −5). Tofauti ya y, −5 − 7 = −12. Ya x nikaandika 4 − 2 = 2. Mteremko −12 ÷ 2 = −6, na kwa nukta ya kwanza mlinganyo ukawa y = −6x − 5. Zamani ningeishia hapo. Safari hii nikaijaribu nukta ya pili, maana hesabu ya guta ilikubali juzi na leo pia. Weka x = 4: inatoka −29. Tulitaka −5.

Ugonjwa wangu ni uleule, alama mbili za kutoa zikikutana nameza moja. 4 − (−2) ni 6, kwa hiyo mteremko ni −2. Na kwa kuwa mteremko wa mstari mnyoofu haubadiliki popote, kutoka (−2, 7) hadi nukta yoyote (x, y) ni −2 ileile: y − 7 = −2(x + 2), yaani y = −2x + 3. Weka 4, unapata −5. Imekubali.

Swali lililofuata lilikuwa na (3, 1) na (3, 6). Tofauti ya x ni sifuri, na kwa sifuri hugawanyi. Mstari umesimama wima kama mlingoti, jibu ni x = 3 basi. Nikamweleza mama mkubwa: ni kama gunia 3 leo elfu 1, kesho gunia 3 zilezile elfu 6.

"Huyo simpi mzigo wangu," akasema.