Desemba haina jioni

Kosa langu la kwanza Reading, Uingereza, nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Msimamizi wangu wa masomo alinipa miadi ya mchana, saa nane kwa hesabu yetu, nami nikaandika daftarini: "Msimamizi, saa 8." Kulipokucha nikalifungua daftari lile akili imeshahamia Kizungu, nikaisoma ile 8 kama wanavyoisoma wao. Nikafika idarani saa mbili asubuhi, mlango umefungwa, mfanya usafi ananitazama kama mwizi aliyepotea njia. Nilikuwa na saa sita za kungoja na biskuti nne.

Nilicheka siku ile, maana sikujua kuwa shida yangu ya mwaka mzima ingekuwa hiyohiyo: saa.

Kazi yangu ni utabiri wa hali ya hewa. Nimezaliwa Tanga, nikaajiriwa Dar es Salaam, na baada ya miaka kadhaa ya zamu za usiku nikapata ufadhili wa kusoma shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Reading. Kwa watu wa kazi yetu Reading si mji mgeni. Idara yao ya meteorolojia inajulikana duniani, na Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Hali ya Hewa wa Muda wa Kati, ambacho ramani zake tulikuwa tukizisoma Dar kila siku, makao yake yako hapohapo, mwendo wa basi tu. Hata ile michoro ya mistari ya bluu na nyekundu inayoonyesha dunia inavyopata joto ilianzia hapo mwaka 2018, kwa mwanasayansi wa chuo hicho, Ed Hawkins. Mji wenyewe uko magharibi ya London, kama nusu saa kwa treni kutoka stesheni ya Paddington, pale mto Kennet unapoingia Thames. Umeomba mara kadhaa upewe hadhi ya jiji na kila mara umenyimwa. Mimi ukubwa wake ulinifaa. Ndani ya wiki mbili nilikuwa naujua wote: basi namba 21 kwenda chuoni, maduka ya Waafrika na Waasia barabara ya Oxford, na nyumba za wanafunzi kandokando ya barabara ya Wokingham, ambako nilipanga chumba na wenzangu watatu.

Sasa, mtu wa hali ya hewa anajua latitudo, yaani umbali wa mahali kutoka ikweta, ni nini. Nilijua kwa hesabu kwamba Reading iko nyuzi 51 na nusu kaskazini, na kwamba mchana wa katikati ya Desemba hautimizi saa nane. Mtihani wa swali hilo ningepata alama zote. Ila mwili wangu ulikuwa haujasoma kozi hiyo. Mwili wangu umelelewa Tanga, ambako jua lina adabu: linachomoza kwenye saa kumi na mbili, linazama kwenye saa kumi na mbili, na ndiyo maana sisi tunahesabu saa kuanzia asubuhi. Saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, na neno lenyewe linakwambia. Kule maneno yakaanza kusema uongo.

Pigo la kwanza lilikuja Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa zinaporudishwa nyuma. Jumamosi jua lilizama saa 11:45 jioni, na Jumapili likazama saa 10:45. Jumapili hiyohiyo nikaenda dukani saa kumi na moja kununua chakula cha wiki, nikakuta milango imeshushwa. Sheria ya Uingereza inayaruhusu maduka makubwa kufungua kwa muda wa saa sita tu siku ya Jumapili, na hilo hakuna aliyeniambia. Nilirudi nyumbani gizani nikapika uji.

Novemba ilinila. Mbingu ya kule hupimwa kama kwetu, kwa okta, yaani unaigawa sehemu nane na kuhesabu ngapi zimefunikwa. Wiki nzima ilikuwa nane kwa nane, wingu moja zito la chini lenye rangi ya gunia la katani lililolowa. Nilikuwa naamka giza, naingia darasani, natoka giza. Nikisema nipumzike kidogo saa kumi na moja, nalala hadi saa tatu usiku, kisha macho makavu mpaka alfajiri. Sala nazo zikabanana: adhuhuri karibu na saa sita, alasiri kabla ya saa nane, magharibi saa kumi. Ukichelewa kutoka kwenye kipindi kimoja, umepitwa na mambo mawili. Kazi yangu ya kwanza ya kuandika ilirudi na alama 48, na kwa uzamili chini ya 50 umeanguka. Mwalimu aliandika pembeni kwa upole kwamba sentensi zangu za mwisho hazikuwa na maana. Nilizirudia. Kweli hazikuwa na maana. Nilikuwa nimeziandika saa tisa usiku.

Aliyenishtua ni Mkenya mmoja aliyenitangulia mwaka mmoja, mtu wa Mombasa, wa kazi kama yangu. Tulikutana jikoni pale idarani.

"Dada, wewe watoka nje saa ngapi?"

"Jioni, kaka, nikimaliza kusoma."

"Jioni ipi? Hapa Desemba haina jioni."

Akaniambia yeye mwaka wake wa kwanza alinunua taa ya bei kubwa, ile ya kuiga jua, ikaishia kuwa kitundikio cha soksi. Kilichomsaidia ni kutoka nje saa sita mchana kila siku, mvua isinyeshe au inyeshe, na kuacha kuusubiri mwanga ulingane na saa yake.

Basi nikakaa chini nikaifanya kazi niliyopaswa kuifanya Septemba: nikatabiri siku yangu mwenyewe. Nilichukua jedwali la kuchomoza na kuzama kwa jua hadi Machi, nikalibandika juu ya meza, nikapanga mambo yote kulizunguka. Mwanga kwanza, mengine baadaye. Saa 6:15 nasali adhuhuri kwenye chumba cha sala chuoni, kisha nazunguka ziwa la Whiteknights, na wale mabata bukini wanaodhani njia ni yao. Dakika arobaini. Siku za kwanza nililia kwa baridi, sisemi utani. Baadaye nikagundua kwamba hata chini ya mbingu ya nane kwa nane, mwanga wa nje unauzidi kwa mbali sana ule wa taa za maktaba, na mwili unajua tofauti.

Dawa ya pili ilikuwa kituo cha vipimo cha idara, uwanja mdogo wenye vyombo hapohapo chuoni. Vipimo vyake husomwa kila siku saa tatu asubuhi kwa saa za Greenwich. Nikaomba kuwamo kwenye zamu ya wanafunzi. Hakukuwa na malipo, na sikutaka malipo. Nilitaka mtu wa kuniuliza nikichelewa. Nikisimama pale na karatasi yangu, vidole vimekufa, najua Dar wenzangu wako saa sita mchana na shati zimewaloa. Huo uzi mmoja ulinitosha kuamka.

Kusoma nikakuhamishia asubuhi, saa kumi na moja hadi saa mbili, kabla jua halijatoka. Lile giza la asubuhi ambalo nilikuwa nalilaani likawa saa tatu za utulivu. Usiku nikaufuta kabisa: saa nne nimelala, hata kama nyumba nzima inapiga muziki.

Nyumba nzima ilikuwa inapiga muziki kweli, lakini ugomvi wetu haukuwa huo. Ulikuwa joto. Bili tulilipa sisi wanne kwa kugawana, na mashine ya kupasha nyumba ina kisaa chake. Mmoja alitaka iwake usiku, mwingine alisema vaa sweta. Mimi, niliyekuwa naamka saa kumi na moja, nilikuwa na haja peke yangu. Nilishindwa kura tatu kwa moja, na kusema kweli walikuwa na haki. Suluhisho likawa chupa ya mpira ya maji moto, leso mbili za Mama juu ya blanketi, na jiko: nilihamishia mapishi ya siku nzima alfajiri, nikasoma jikoni, sufuria inachemka pembeni. Unga wa sembe na tui la kopo vilitoka barabara ya Oxford. Mboga na samaki nilinunua jioni dukani, zikishabandikwa zile stika za njano za kupunguzwa bei. Mara ya kwanza wenzangu walipoonja wali wa nazi saa moja asubuhi, kura kuhusu joto ilianza kuyumba.

Vidonge vya vitamini D nilianza Januari, nikiwa nimechelewa. Ushauri rasmi wa kule ni mikrogramu 10 kwa siku wakati wa vuli na baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi tunashauriwa kuvimeza mwaka mzima. Ningevianza Oktoba.

Kazi ya pili ya kuandika ilirudi na 61. Na Juni, nisije nikaonekana nalaumu upande mmoja tu, jua lilizama saa 3:25 usiku, na nikawa nafunga dirisha kwa karatasi ya jikoni ili nilale.

Lakini siku ninayoikumbuka ni ya katikati ya Desemba. Nilikuwa nimezoea kumpigia Mama usiku wangu, kumbe kwake ni usiku wa manane, anapokea kwa woga kwamba kuna msiba. Siku hiyo nikiangalia jedwali langu nikafanya hesabu ambayo sikuwahi kuifikiria: jua la Reading linazama saa kumi kasoro dakika chache, na kwa tofauti ya saa tatu, Tanga wakati huo jua limezama kama dakika ishirini tu zilizopita. Latitudo mbili zilizo mbali hivyo, na magharibi karibu moja. Nikampigia papo hapo, nimesimama kando ya ziwa.

"Huko nako magharibi, mwanangu?"

"Bado kidogo tu, Mama. Mnatutangulia kama dakika ishirini."

Akanyamaza, nikamsikia anamwambia mtu pale uani kwamba kule nako jua linazama sasa hivi.

"Basi nenda ukatie udhu," akasema. "Mimi nimeshasali."